The Sims 4 ikijifunga au kuleta vituko: usakinishe upya, ukarabati, au upekue folda yako?

Mchezo wa kompyuta wa The Sims 4, ambamo unaendesha maisha ya watu wa kubuni na kuwajengea nyumba, ulitoka tarehe 2 Septemba 2014, na tangu Oktoba 2022 sehemu yake ya msingi hutolewa bila malipo. Hapa Lamu mafundi huletewa kompyuta zenye mchezo huo mara kwa mara, hasa za wanafunzi na za vijana wanaopenda kubuni nyumba. Malalamiko hayatofautiani sana: mchezo unajifunga wenyewe kabla haujafunguka sawasawa, unaganda katikati, au wahusika wanasimama mahali pamoja wakikataa kula na kulala. Tiba inayoombwa nayo ni ile ile. "Ami, ifute tu uiweke upya," mteja husema, huku ameshaiweka laptopu juu ya meza.

Kufuta na kusakinisha upya ni njia moja miongoni mwa kadhaa, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kufikiriwa mwisho kabisa. Katika ulinganisho huu nazipima njia hizo kwa mambo ambayo mchezaji wa kisiwani hawezi kuyapuuza, yaani bando litakalotumika, muda utakaopotea, na hatari ya kuzipoteza familia na nyumba alizozijenga kwa miezi mingi. Lakini kipimo kinachotangulia vyote hivyo ni kimoja: je, njia unayoichagua inafika mahali ilipo hitilafu?

Mchezo mmoja, makao mawili

Katika kompyuta ya Windows, The Sims 4 hukaa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni folda ya programu, yaani yale mafaili mengi yaliyopakuliwa kutoka EA app au Steam. Mahali pa pili ni folda iitwayo The Sims 4, iliyo ndani ya Electronic Arts, ambayo nayo imo katika Documents. Humo ndimo vilimo vitu vyako wewe mchezaji: folda ya saves yenye michezo uliyoihifadhi, folda ya Tray yenye nyumba na familia za maktaba yako, folda ya Mods yenye modi, yaani nyongeza ulizozitoa mtandaoni, faili la Options.ini lenye mipangilio yako, na faili la localthumbcache.package ambalo mchezo huliandika ili usilazimike kuchora upya vijipicha kila unapofunguliwa.

Unapoufuta mchezo, kinachoondoka ni mahali pa kwanza tu. Folda iliyo katika Documents huachwa kama ilivyo. Utaratibu huo una wema wake, kwa sababu bila huo kila aliyefuta mchezo angezipoteza familia zake zote. Lakini maana yake ni kwamba modi iliyoharibika, faili la vijipicha lililochafuka au mchezo uliohifadhiwa vibaya hubaki pale pale vikiusubiri mchezo mpya urudi. Mtu hupakua makumi ya gigabaiti usiku kucha, asubuhi akafungua, na mchezo ukajifunga mahali ulipojifunga jana. Nimeona bando la mwezi mzima likiteketea hivyo, na inauma zaidi ukijua kuwa aliyelinunua ni mwanafunzi wa sekondari.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama hitilafu iko katika folda ya programu au katika folda yako, na lipo jaribio linalojibu swali hilo bila kutumia hata megabaiti moja.

Kuhamisha folda na kusakinisha upya

Funga mchezo. Nenda Documents, kisha Electronic Arts, uikamate folda nzima ya The Sims 4 na kuihamishia kwenye uso wa kompyuta (Desktop). Usiifute, ihamishe tu. Halafu fungua mchezo. Kwa kuwa hauioni folda yake, mchezo utajiundia nyingine mpya na tupu, kama kompyuta ambayo haijawahi kuchezewa. Anzisha familia yoyote, cheza kidogo, ingia na kutoka katika sehemu ya ujenzi, kisha uhifadhi.

Mchezo ukienda vizuri, basi programu ni nzima na ugonjwa umo katika ile folda iliyo kwenye uso wa kompyuta. Kusakinisha upya hakungekusaidia chochote. Mchezo ukijifunga vile vile hata kwa folda tupu, hapo ndipo penye haja ya kuiangalia programu, draiva ya kadi ya michoro, au mashine yenyewe. Jaribio hili huchukua dakika chache, wala halihatarishi kitu, kwa sababu ukitaka kurudi ulikotoka unaifuta folda mpya na kuirudisha ya zamani mahali pake.

Ukishajua kuwa ugonjwa umo katika folda yako, rudisha vitu kwa zamu: kwanza saves na Tray, ujaribu, kisha Mods, ujaribu tena. Faili la localthumbcache.package usilirudishe kabisa, kwani mchezo utaandika jingine. Kulifuta faili hilo peke yake ndiyo tiba nyepesi kuliko zote, nami hupendekeza ifanywe kila unapoongeza au kuondoa modi, lakini tusiipe sifa isiyo yake: huondoa vituko vidogo vya vijipicha na menyu zinazoonyesha vitu vilivyokwisha kuondolewa, na mara nyingi haimtoshi mtu ambaye mchezo wake haufunguki.

Kati ya kuhamisha folda na kusakinisha upya kuna njia ya tatu ambayo wengi huiruka. EA app ina kitufe cha Repair katika menyu ya mchezo, na Steam ina kazi kama hiyo ya kuhakiki mafaili. Zote mbili huyasoma mafaili yaliyomo katika diski, huyalinganisha na yanayotakiwa, kisha hupakua yale tu yaliyopungua au kuharibika. Faili moja likiwa limeharibika kwa sababu umeme ulikatika wakati wa kusasisha, utalipa gharama ya faili hilo moja badala ya kuulipia mchezo mzima. Kasoro yake ni muda, kwa kuwa diski ya zamani isiyo ya SSD itasaga kwa kitambo kirefu, na wakati huo kompyuta isizimwe. Hata hivyo, ukizilinganisha njia mbili hizi, siioni sababu ya mtu kusakinisha upya kabla ya kukarabati, isipokuwa pale ambapo ukarabati wenyewe umekataa kumalizika au anauhamishia mchezo kwenye diski mpya.

Jambo moja zaidi kuhusu folda ya Documents. Kompyuta nyingi za Windows siku hizi huiweka folda hiyo chini ya OneDrive, ambayo hujaribu kupeleka kila kilichomo mtandaoni. Mchezo unapoandika faili la hifadhi huku OneDrive inalisoma faili lile lile ili ilipakie, migongano hutokea, na bando nalo linaliwa bila mwenyewe kujua. Ukiiona alama ya wingu kando ya folda yako ya The Sims 4, iondoe Documents katika usawazishaji kabla ya kuhangaika na jambo jingine lolote.

Modi: moja moja, nusu kwa nusu, au kwa ripoti

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu modi na vifaa vilivyobuniwa na wachezaji ndivyo vinavyosababisha matatizo mengi ya mchezo huu, na pia ndivyo wachezaji wetu wanavyovipenda zaidi. Sababu naielewa. Anayetaka kujenga nyumba ya Kilamu hawezi kutosheka na vifaa vya mchezo wenyewe. Anataka mlango wa kuchongwa, daka (ukumbi wa mlangoni) lenye mabaraza pande zote mbili, kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na ukuta wa ndani uliojaa zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo. Hukusanya vipande kutoka kwa wabunifu mbalimbali, hiki cha Moroko, kile cha India, mpaka ukuta ukafanana na alioukuta kwa bibi yake katika mtaa wa Mkomani. Niliwahi kuonyeshwa nyumba ya namna hiyo ambayo kila kidaka kilikuwa na kombe lake na sahani yake, kazi ya subira kubwa. Folda ya Mods ya kompyuta ile ilikuwa na mamia ya mafaili, na mchezo ulikuwa umekoma kufunguka baada ya sasisho.

Faili la modi huwa la aina mbili. Lenye mwisho wa .package aghalabu ni vitu: nguo, nywele, viti, kuta, ingawa pia hubeba mabadiliko ya mchezo. Lenye mwisho wa .ts4script ni msimbo unaobadili jinsi mchezo unavyofanya kazi, na hilo ndilo linalovunjika kwa urahisi Maxis, watengenezaji wa mchezo, wanapotoa sasisho. Modi zinazobadili menyu na vitufe nazo ni dhaifu vivyo hivyo. Ukiona vitufe vimetoweka au skrini ya kuchagua mchezo uliohifadhiwa imekuja tupu, anza kuzishuku hizo. Kwa upande mwingine, mhusika akitokea na alama za kuuliza mwilini, hilo ni vazi au nywele zilizokosa sehemu yake moja, na kwa kawaida halina uhusiano na kujifunga kwa mchezo.

Ili kumpata mkosaji kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuondoa modi moja moja. Humfaa mwenye modi kumi. Mwenye mia mbili itamchosha kabla hajafika popote. Ya pili ni kugawa nusu kwa nusu: unaondoa nusu ya modi, unajaribu, hitilafu ikiendelea, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki, ikikoma, yumo katika nusu iliyotolewa, kisha unaigawa nusu hiyo tena. Kwa mafaili 200, majaribio manane yanatosha kulifikia faili moja, ilhali kwa njia ya moja moja unaweza kufungua na kufunga mchezo mara mia mbili. Ya tatu ni kusoma ripoti. Msimbo unapokosea wakati mchezo unaendelea, mchezo huandika faili la lastException.txt katika folda yako, na mara nyingine jina la modi iliyohusika huonekana humo humo ukilifungua kwa Notepad. Modi ya Better Exceptions, iliyotengenezwa na mbunifu anayejiita TwistedMexi, huyafafanua mafaili hayo kwa lugha inayoeleweka na hujaribu kumtaja mkosaji.

Kati ya mbili hizo za mwisho, ipi uichague? Kama mchezo unafunguka lakini wahusika wanafanya vituko, anza na ripoti, maana itakuokolea saa nzima. Kama mchezo unajifunga ghafla na kukurudisha kwenye Windows, usiitegemee ripoti hiyo sana, kwa kuwa mchezo uliokufa ghafla mara nyingi haupati nafasi ya kuiandika. Nenda moja kwa moja kwenye nusu kwa nusu. Na kama yote yameanza siku ile ile lilipoingia sasisho, toa kwanza mafaili yote ya .ts4script pamoja na modi za menyu, uwaachie wabunifu muda wa kutoa matoleo mapya, kabla hujaugusa mlango wa kuchongwa wala zidaka, kwani hivyo huwa havina hatia.

Njia ya nusu kwa nusu ina mitego mitatu inayowapotosha wengi. Mtego wa kwanza ni kwamba baada ya kila sasisho mchezo huzizima modi zote wenyewe katika mipangilio, na folda mpya pia huanza hivyo. Usipoziwasha tena na kuufunga na kuufungua mchezo, utajaribu nusu zote mbili na kuziona nzima, kumbe hakuna modi iliyokuwa inafanya kazi. Mtego wa pili ni kina cha folda: faili la .ts4script likizama zaidi ya folda moja ndani ya Mods, mchezo haulisomi, na mtu hudhani modi imevunjika. Wa tatu ndio unaoliza watu. Ukiifungua familia yako unayoipenda huku nusu ya modi haipo, vifaa vilivyotoka katika nusu hiyo havitaonekana nyumbani. Ukihifadhi hapo, vimepotea katika hifadhi hiyo hata ukizirudisha modi. Kila jaribio lifanyike kwa familia mpya isiyo na thamani kwako, au utoke bila kuhifadhi. Yule mwenye nyumba ya zidaka alisalimika kwa sababu hakuhifadhi.

Mashine ikizima yote

Tofautisha kati ya mchezo kujifunga na kompyuta kuzimika. Mchezo ukijifunga, unarudi kwenye uso wa Windows na kila kitu kingine kinaendelea. Kompyuta nzima ikizimika ghafla, bila ujumbe wowote, baada ya kucheza kwa muda, usiitafute modi: tafuta joto au umeme. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, chumba kisichopitisha upepo huwa cha moto tangu asubuhi, na vumbi lililochanganyika na unyevu wa chumvi huziba feni ya laptopu mpaka isitoe hewa. Kuweka kompyuta juu ya godoro au mkeka huziba matundu yaliyo chini yake.

Tiba zake mbili ni kusafisha feni na kuupunguzia mchezo kazi. Kusafisha ndiko kunakotibu. Kupunguza michoro ni nafuu ya kusogeza siku. Lakini nafuu hiyo ni ya bure, na inapatikana sasa hivi: katika mipangilio ya michoro punguza idadi ya juu ya fremu kwa sekunde hadi 60 au hata 30, na uwashe hali ya laptopu. Kuhusu kumbukumbu, kiwango cha chini kinachotajwa kwa mchezo huu ni GB 4 za RAM na kinachopendekezwa ni GB 8. Mwenye GB 4 aliyejaza vifurushi vya nyongeza vya mchezo na modi anapaswa kuchagua kati ya kuongeza RAM na kupunguza modi. Kusakinisha upya hakumwongezei nafasi.

Hifadhi iliyoharibika: toleo la nyuma au familia katika mchezo mpya

Hali ngumu kuliko zote ni pale ambapo folda tupu inafanya kazi, modi zote ni nzima, lakini hifadhi moja tu, ile uipendayo, inajifunga kila unapoifungua. Aghalabu umeme ulikatika wakati mchezo unaandika, na betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani.

Hapa pia usikimbilie kufuta. Katika folda ya saves, kila hifadhi huwa na matoleo yake ya nyuma hadi matano. Faili lenyewe huishia na .save, na matoleo hayo huishia na .save.ver0 hadi .save.ver4, ambapo ver0 ni la karibuni na ver4 ni la zamani zaidi. Mchezo wenyewe una kitufe cha kurejesha hifadhi katika skrini ya kupakia, nacho kinatosha mara nyingi. Kama mchezo haufiki hata kwenye skrini hiyo, nakili folda yote ya saves kwenye flashi kwanza, kisha ulihamishe faili bovu, halafu lile la ver0 uliondolee mwisho wake ili libaki na .save tu. Likikataa, jaribu ver1, na kuendelea. Unachopoteza ni muda uliocheza tangu toleo hilo lilipoandikwa.

Kama kinachosumbua ni mhusika mmoja aliyeganda, huhitaji kurudi nyuma hata kidogo. Bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, uandike resetsim ikifuatwa na jina la kwanza na la ukoo la mhusika huyo, kisha Enter. Atasimama upya na foleni ya shughuli zake itafutika. Kumpeleka kiwanja kingine na kumrudisha huleta matokeo kama hayo mara nyingi, nami huanza na hilo kwa kuwa halihitaji kuandika kitu.

Matoleo yote matano yakiwa mabovu, imebaki kuiokoa familia yenyewe. Kama lipo toleo linalofunguka japo kwa dakika moja, ihifadhi familia pamoja na nyumba yao katika maktaba ya mchezo, anzisha mchezo mpya, kisha uwahamishie humo. Wahusika, ujuzi wao, uhusiano wao wenyewe kwa wenyewe na nyumba yao vitakuja. Jirani waliyemzoea, rafiki wa kazini na mchumba asiyeishi nao hawataambatana nao, na familia itaanza kujuana na watu wa mji ule upya. Ndiyo sababu nalipa toleo la nyuma kipaumbele hata kama linamgharimu mchezaji wiki nzima ya mchezo: wiki moja unaweza kuirudia ukijua ulikokuwa unaelekea, ilhali majirani wa vizazi vitatu hawarudishwi na maktaba. Kuihamisha familia namwachia yule ambaye jambo analolijali hasa ni nyumba aliyoijenga na watu wanaoishi ndani yake, na huyo hatakuwa amepoteza kikubwa.